Maji Mekundu ya Dimbwi la Bibi Mbuke

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili jioni

Mwanangu Nkwabi,

Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya shati jeupe, na kwa jinsi ninavyokujua hutalikunjua shati hilo kabla gari moshi halijaiacha Tabora. Itakuwa asubuhi ya siku ya pili basi. Mwangaluka, baba. Umelala? Au umekesha dirishani ukitazama giza?

Mambo ya kufua soksi, kula kwa wakati na kutomwamini kila anayekuita ndugu nimeyaacha. Baba yako ameyasema tangu juzi, ameyarudia leo baada ya misa, na kesho stesheni atayasema tena mbele za watu. Mvumilie. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu, na mwandiko wangu ni ule wa masista wa Ushirombo, wa kupanda na kushuka polepole kama mtu abebaye mtungi. Nimeanza kuandika tangu jua likiwa juu ya mwembe wa jirani. Baba yako amepita hapa mara mbili akijifanya anatafuta kofia.

Ulipotuletea habari ya kazi yako, nilicheka. Unisamehe. Ulituambia kuwa huko Unguja, kwenye kituo cha samaki, wametengeneza sanduku la kioo refu kama kitanda, wakalijaza maji ya bahari, wakatia na mawe waliyoyatoa chini ya maji. Baada ya majuma machache mawe yenyewe yakaanza kutoa vitu. Kimoja kama uzi. Kingine kama nukta nyeupe iliyong'ang'ania kioo. Kingine hutoka penye giza tu, na taa ikija kinarudi tunduni. Hakuna aliyevitia humo, wala hakuna anayevijua. Basi serikali imeona heri itafute mtu wa kukaa mbele ya kioo hicho na kuvitazama mpaka vijulikane, na katika watu wote wa nchi hii imekuchukua wewe. Shangazi yako aliuliza kama hiyo ni kazi au ni ugonjwa.

Nilipomaliza kucheka nilikwenda jikoni nikalia. Nililia kwa furaha, usije ukafikiri vingine. Niliona kuwa umeitiwa kazi ambayo ulikwisha kuifanya zamani, mbele ya watu waliokuwa na mapanga, na hukuogopa, au kama uliogopa hukutuonyesha. Hilo ndilo nataka kukuandikia. Wewe ulikuwepo, najua, lakini ulikuwa umeinamia maji. Mimi nilikuwa nawatazama watu.

Kwanza nikukumbushe sanduku letu wenyewe. Baba yako alilitoa Geita, kwenye nyumba ya mitambo ya mgodi alikokuwa akipaka mashine grisi. Lilikuwa la betri kubwa, na betri zikifa wazungu walikuwa wakiyatupa masanduku yale ya kioo nyuma ya karakana. Alilifunga kwa blanketi, akapanda nalo lori la pamba, akalipakata njia nzima. Mimi nikalisugua kwa majivu mpaka mikono ikachubuka, maana maji ya betri hutoboa hata nguo. Nilikuwa nimekwisha kulipangia kazi: nilitaka kutia samli. Nikageuka kidogo tu, niliporudi nikakuta umetia maji ya mtaro na viluwiluwi.

Nikayamwaga. Ukayajaza. Nikayamwaga tena. Ukayajaza tena, na safari hii ukaweka karatasi juu yake: "Mama, tafadhali, huyu mmoja bado sijamjua." Nikatafuta kibuyu cha samli. Nilishindwa na neno lile "bado". Ungeandika kuwa unampenda yule mdudu ningemwaga bila huruma.

Lenzi nayo ilitoka huko huko mgodini, ile inayotumika kutazamia jiwe kama lina punje za dhahabu. Ilikuwa imepasuka ukingoni, ndiyo maana baba yako akapewa. Wenzako walicheza mpira wa matambara, wewe ulikuwa chini ya ukuta, umefumba jicho moja. Nilidhani utaota kengeza.

Sasa nikueleze kidogo juu yangu, ili uelewe yaliyotokea. Mimi ni mtu wa kuvipa vitu majina haraka. Ndivyo nilivyozaliwa. Siku ya kwanza kumwona baba yako ilikuwa sokoni Ushirombo. Alikuwa akija huku anayumba, mara kulia, mara kushoto, na mimi nikawaambia wenzangu kwa sauti, "Tazameni mlevi huyo, na jua bado la asubuhi." Kumbe jiwe lilikuwa limemwangukia mguuni mgodini, na alikuwa ametembea na mguu ule kutoka Geita kuja kutafuta dawa kwa mapadre. Alinisikia. Akaja akasimama mbele ya kapu langu la mihogo akasema, "Binti, mlevi anaomba maji ya kunywa." Mpaka leo tukigombana, akiona nakaribia kumshinda, huyumba tu pale mlangoni, nami nacheka, ugomvi umekwisha. Kwa hiyo kosa lile lilinipa mume. Hilo jingine nusura linipe maiti.

Mama yake baba yako, Bibi Mbuke, alikuwa mchemsha chumvi. Unaijua kazi ile kwa mikono yako, lakini niache niisimulie, napenda kuikumbuka. Mvua zikikatika, mbuga ya kijijini kwake hukauka na kubaki nyeupe. Wanawake hukwangua udongo wa juu, huutia katika chungu chenye matundu kilichotandikwa nyasi, humimina maji, na yale yanayochuruzika chini huchemshwa siku nzima kwa moto wa samadi kavu mpaka chumvi ibaki. Kila mwanamke ana dimbwi lake alilorithi, na la Bibi Mbuke lilikuwa na kina kuliko yote, maji yake yalikaa hata madimbwi mengine yakiwa yamekwisha kupasuka nyufa. Moshi wa samadi, na mvuke wa chumvi, na miaka yote ile. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Yalikuwa hivyo tangu sijaolewa.

Unajua maana ya macho mekundu kwa bibi kizee, mjane, huku kwetu. Sina haja ya kuandika.

Wale wanawake wa chumvi walikuwa na desturi yao. Mtu akikuta dimbwini kitu asichokijua, hasemi neno. Anakifunika kwa ungo, anakwenda kumwita mwenye dimbwi, na mwenye dimbwi ndiye huongea kwanza. Lakini mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, kwetu ni mihogo na karanga, na hakuna aliyenifundisha. Au nilifundishwa sikusikiliza, Bibi alisema hivyo. Tulikwenda kwake wakati wa likizo yako, mvua zimekwisha. Asubuhi ya kwanza nilishuka dimbwini na kina mama wengine. Maji yalikuwa mekundu. Hayakuwa na wekundu wa udongo, maana udongo wa pale ni mweusi na mweupe. Yalikuwa mekundu yenyewe, na wekundu ule ulikuwa ukisogea.

Nikasema, "Damu."

Nilisema kwa sauti, kama nilivyosema "mlevi". Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliufahamu usemi huo siku ile. Wanawake waliokuwa nyuma yangu waliweka vyungu chini. Mmoja alikuwa Mama Holo, na ndama wawili wa mumewe walikuwa wamekufa juma lile baada ya kulamba udongo kando ya dimbwi hilo hilo. Akalirudia neno langu, polepole, kama mtu anayelionja. Kabla ya saa sita neno lile lilikuwa limefika kila boma, na lilikuwa limekua njiani: damu imejaa dimbwini kwa Mbuke, ni damu ya ndama, na baada ya ndama watakuja watoto.

Wewe uliona nini siku zile, sijui. Mimi niliona hivi. Bibi Mbuke alimsalimu jirani, jirani akatazama miguu yake mwenyewe. Watoto waliokuwa wakija kuomba moto asubuhi hawakuja. Vijana wakaanza kukaa makundi makundi njia ya dimbwini wakinoa mapanga, na haikuwa majira ya kufyeka. Baba yako alikuwa Geita, na hata kama ningempelekea habari, zingemfika zimechelewa.

Wakati huo wewe ulikuwa umekwisha kulichota dimbwi. Baba Holo alikuwa ameapa kulifukia, kwa hiyo uliamka alfajiri ukalijaza sanduku la kioo, ambalo ulikuwa umelibeba hadi huko ingawa nilikukataza. Uliliweka kivulini nyuma ya ghala la Bibi, ukalala kifudifudi mbele yake. Nilikuja kukutukana. Nilitaka kusema, nyumba inaungua, wewe unachezea maji. Lakini ukanipa lenzi, nikatazama.

Nkwabi, sijawahi kukwambia nilichohisi. Niliona vidudu vingi visivyo na hesabu, virefu kama punje ya mchele iliyokatwa, vyekundu, laini, vinaogelea chali. Chali, tumbo juu, miguu mingi ikipepea kwa zamu kama shamba la mtama likipitiwa na upepo. Vingine vilikuwa na mfuko mdogo nyuma, na ndani ya mfuko mayai. Vilikuwa vizuri. Nilikuwa nimeviita damu, na kwa ajili ya jina lile mama mkwe wangu alikuwa anakwenda kufa, navyo vilikuwa vinaogelea tu chali na mayai yao. Nikakuuliza ni nini. Ukasema hujui. Nikakasirika, nikakwambia utafute jina upesi, lolote, maana kesho mwanangwa, mkuu wa kijiji kile, anakusanya watu.

"Nikisema jina la uongo, Mama, na wakiligundua?"

Hukuwa na sharubu hata moja.

Jambo hili jingine hujapata kulisikia. Jioni ile, wewe ukiwa kwenye kioo chako, Bibi aliniita ndani. Akanipa shanga zake za kiunoni na chungu kile kizuri cha matundu. Akanishukuru, "Wabeja, mkwe wangu. Umeniheshimu." Nikashindwa kuvipokea. Nikapiga magoti nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyesema damu, kwamba neno lile lilitoka kinywani mwangu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akasema, "Nilikusikia. Nilikuwa nyuma yako."

Alikuwa amelijua siku zote zile, akila ugali nilioupika, akinitania kuwa mboga haina chumvi nyumbani kwa mchemsha chumvi. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliniambia nikanyamazishe mbwa.

Basi kesho yake, uwanjani kwa mwanangwa. Yule mzee, aliyekuwa akitutawala pale kwa niaba ya mtemi, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watu wengi wenye hasira na mapanga mbele yake. Baba Holo alisema yake. Wengine wakasema yao. Bibi alikaa chini akiwa amenyoosha miguu, kanga kichwani, macho yale wazi, anawatazama mmoja mmoja. Ndipo ukaja umebeba kioo kifuani, maji yakikumwagikia, ukakiweka miguuni pa mwanangwa. Ukamwamkia vizuri. Ukampa lenzi.

Akatazama kwa muda mrefu. Akainua kichwa akakuuliza, "Ni nini hivi?"

"Sijui, mzee."

Nilifumba macho. Nilisikia minong'ono ikipita kama nyuki. Baba Holo akacheka akasema, "Hajui. Kama hujui ni nini, utajuaje si uchawi wa bibi yako?"

Nakumbuka jibu lako neno kwa neno, nimeliweka kama watu wanavyoweka picha. Ulisema, "Jina lake silijui. Ninayoyajua ni haya. Vina miguu. Vinakula ukijani ulio majini. Majike yana mayai. Nikivitia katika maji ya kisima vinakufa, nikiyachemsha maji yao vinakufa, na wekundu unakwisha. Damu haiangui mayai." Halafu ukaongeza jambo ambalo mimi nisingeliongeza kamwe: "Lakini vimetoka wapi, hilo pia sijui. Nafikiri vimo ndani ya udongo. Sina hakika. Naomba kila mwenye dimbwi alete udongo wa dimbwi lake tuone."

Mganga wao alikuwa amekaa pale pale, ameshika usinga, amekwisha kujua kila kitu. Alijua nani, alijua kwa nini, alijua usiku gani. Na wewe mtoto wa shule umesimama mbele ya mapanga unasema hujui, unafikiri, huna hakika. Nilimwona mwanangwa akiwatazama nyote wawili kwa zamu. Nadhani alikuwa hajapata kusikia mtu akisema sijui katika uwanja ule. Akasema udongo uletwe.

Ukaletwa. Bakuli, vibuyu, sufuria, hata kofia ya chuma ya mtu aliyerudi vitani, kila moja na udongo mkavu wa nyumba yake, na mke wa mwanangwa naye akaleta wake. Baba Holo akashikilia kuwa maji yatoke katika dimbwi la Bibi, lile lile lenye laana. Ukakubali, ukaweka na vijana wake mwenyewe walinde. Tukangoja. Hakikutokea kitu. Asubuhi, jioni, hakuna kitu, udongo umelala chini na maji yametulia juu yake. Baba Holo akaanza kuzunguka uwanja ameshika mikono nyuma. Wanawake wakanisogelea wakaniambia nikuchukue wewe tuondoke pale kijijini usiku ule ule, nimwache Bibi. Nilifikiri kukuchukua. Nakwambia kweli, nilifungasha.

Wewe ukaenda kwa mwanangwa. Hukujitetea. Ukamwambia, "Mzee, nimekosea. Maji ya dimbwi sasa ni makali mno. Mvua huja na maji matamu, labda ndiyo huviamsha. Nipe ruhusa nianze tena kwa maji ya kisima, nichanganye kidogo na haya." Ulisema nimekosea kama mtu anavyosema mlango uko wazi. Mimi kila nilipokosea maishani nilijificha kwanza, halafu nikatafuta wa kumsukumia, halafu nikakasirika. Njia ile yako ya kupita katikati nilikuwa siijui.

Ukaanza tena. Siku iliyofuata hakikuonekana kitu. Siku ya pili yake uliita, si kwa kelele, ukasema tu, "Mzee, njoo." Katika bakuli la kwanza palikuwa na nukta za rangi ya chungwa, ndogo kuliko vumbi, lakini zinarukaruka. Katika la pili pia. Katika sufuria pia. Katika kofia ya askari. Mwanangwa alipita na lenzi bakuli kwa bakuli, na mkewe nyuma yake anamvuta shuka naye aone. Mtu akasema nukta si vile vyekundu. Ukasema ni kweli, hatujui bado, tungoje vikue. Mwanangwa akasema tungoje. Na vijana wakangoja, Nkwabi, wale wa mapanga, walikuja kila asubuhi kuchungulia kama watu wenye kuku anayeatamia. Walianza kugombania lenzi. Kila mmoja akawa na bakuli analoshangilia. Mpaka vilipofika umri wa kugeuka chali na kuogelea kwa miguu yao mingi, hakukuwa na mtu ambaye hajaviona vikikua.

Vilivyokuwa vingi kupita vyote vilikuwa katika kibuyu cha Mama Holo.

Mwanangwa alikaa kwenye kigoda chake akakitazama kile kibuyu, akawatazama watu. Akauliza kwa upole, "Haya. Tuanze na nyumba ya nani?"

Mganga alikumbuka safari. Halafu mwanangwa akakugeukia wewe, akauliza, "Na ndama je, wamekufa kwa nini?" Ukasema, "Sijui, mzee. Ndama sikuwaangalia." Na pale ndipo watu walipocheka, kicheko kile cha kuteremsha mzigo, na hata Baba Holo mdomo wake ulicheza kidogo. Nilimtazama Bibi. Alikuwa ametandaza kanga usoni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Sikuupa jina mtikisiko ule. Nilikwenda nikakaa karibu naye.

Nimeishi miaka mingi sasa na wewe ukiwa shule Tabora, na mimi hapa Ngokolo na maandazi yangu na baba yako na mguu wake, na nimejaribu kuwa mtu wa "sijui". Ni kazi ngumu, mwanangu. Jana tu nilimwona kijana wa jirani anaruka ukuta nikamwita mwizi, kumbe amefungiwa nje na mkewe. Ulimi wangu hautapona. Lakini siku hizi baada ya kusema hurudi nikatazama, na mara nyingine nakwenda kuomba radhi, jambo ambalo mama yangu aliyenizaa asingeliamini. Nimelipata kwako. Watu husema mtoto hujifunza kwa mzazi, na mimi huwaitikia tu kwa adabu.

Huko uendako kutakuwa na watu wenye vitabu vya majina. Jifunze majina yote, nayapenda majina, niandikie mazuri. Vidudu vile vyekundu navyo lazima vina jina mahali fulani, katika kitabu cha mtu fulani, na siku utakapolikuta nitumie hata kama ni kwa kadi ya posta, nitalipeleka mbugani nikawatajie. Na kama watu wa kituo watakuharakisha, wewe ndiye unayejua la kufanya. Sina cha kukufundisha katika hilo. Nakutazama tu, na nafsi yangu inajaa.

Limebaki moja. Bibi Mbuke alipofariki ulikuwa Tabora kwenye mitihani, na baba yako akakataza usiitwe. Uliniandikia ukauliza alikufaje. Nikakujibu kwa mstari mmoja: amekufa kwa uzee. Ulinilaumu kimoyomoyo, najua, kwamba mama ana maneno kwa kila kitu ila kwa hili. Nilikuwa siwezi. Sasa naweza.

Alichemsha chumvi mpaka mwaka wake wa mwisho. Macho yalizidi kuwa mekundu, mwishoni yalikuwa hayaoni ila mwanga. Watoto walikuwa wakimshika mkono kumpeleka dimbwini, na waliokuwa wakigombania kumshika walikuwa watoto wa Baba Holo. Wakaja tena kuomba moto asubuhi. Alipolala mara ya mwisho alilala kitandani kwake, ndani ya nyumba yake, mlango wazi, na akina mama wa chumvi wakapokezana kumpepea. Mama Holo alikuwa zamu ya alfajiri. Ndiye aliyeyafumba macho yale kwa vidole vyake mwenyewe, hakuyaogopa. Na tulipotoka nje kutafuta wachimbaji wa kaburi, Baba Holo alikuwa amekwisha kuanza, peke yake, udongo umemfika magotini.

Amekufa kwa uzee, Nkwabi. Huku kwetu, kwa mjane mwenye macho kama yale. Wewe ndiye uliyempa uzee huo.

Nenda salama, baba.

Mama yako